Mwamba Tunaoukanyaga

Leo sina habari za bei ya unga, wala sitamgusa mwanasiasa yeyote. Nataka tuzungumze juu ya mawe. Tafadhali usibadilishe stesheni.

Wewe uliye Muyeye, hapa Malindi, nakupa kazi ndogo. Katafute nyumba ya mawe ambayo mwenyewe hajaipiga plasta. Hutazunguka sana, saruji ina bei, na wengi wetu huhamia ndani kuta zikiwa bado tupu. Sogea karibu na ukuta huo asubuhi, jua likiwa linaupiga ubavuni, ulitazame jiwe moja tu bila haraka. Utaona vitundu vilivyobanana kama sega la nyuki, na ndani ya kila kitundu vijistari vyembamba vinavyotoka ukingoni kuelekea katikati. Pembeni pengine limekwama gamba la kombe, nusu ndani ya jiwe nusu nje, mikunjo yake haijafutika. Mahali pengine msumeno umempitia konokono wa baharini katikati, na vyumba vyake vya ndani viko wazi, kimoja baada ya kingine, hadi kile cha mwisho ambacho hakitoshi hata punje ya mtama.

Hayo si mapambo ya fundi. Kila kitundu kilikuwa makao ya mnyama mmoja wa tumbawe, laini, mdogo, aliyejijengea kikombe cha chokaa kutokana na maji ya bahari. Akafa, na mwenzake akajenga juu yake. Wakajengana hivyo kwa maelfu ya miaka hadi wakawa mwamba. Mabaki ya namna hii, ya kiumbe aliyekufa zamani akahifadhika katika jiwe, ndiyo wataalamu wanayoyaita visukuku. Mkenya akisikia neno hilo fikra zake hukimbilia Turkana, kwenye mifupa ya yule kijana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu na wenzake mwaka 1984. Ni haki yake, Turkana ni Turkana. Lakini mtu wa Malindi analala ndani ya visukuku, anapika akiwa ameviegemea, na kwenye ukuta wa visukuku amepigilia msumari wa kutundika kalenda.

Mwamba huu wa pwani wataalamu huupa umri wa miaka kama 125,000. Zama hizo dunia ilikuwa na joto kuliko siku zilizotangulia zama zetu za viwanda, barafu ya kaskazini na kusini ilikuwa imeyeyuka zaidi, na bahari ilisimama mita sita hadi tisa juu ya usawa wa leo. Ukanda tunaojengea sasa, pamoja na mabonde yake madogo ya minazi na miembe, ulikuwa chini ya maji au ufuoni kabisa. Kisha baridi ikarudi. Maji yakagandishwa kwenye barafu za mbali, bahari ikateremka, na matumbawe yakafa yakiwa yamesimama palepale. Mvua za miaka zikayeyusha chokaa kidogo na kuigandisha tena, tundu likazibwa na tundu, na kilichokuwa bustani ya samaki kikawa jiwe la kujengea. Kilichokuja juu yake, mchanga, udongo, minazi, barabara na sisi wenyewe, ni tabaka la juzi.

Wazee waliojenga Gede walilijua jiwe hili vizuri kuliko sisi. Kwa kuta walichimba mwamba wa nchi kavu, mgumu, wenye makombe na mashimo, wakaupaka lipu ya chokaa. Kwa mihirabu na miimo ya milango, mahali penye nakshi, waliingia majini kutafuta tumbawe hai, kwa sababu likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, na likikauka hukaza. Kwa hiyo msikiti mmoja una mawe mawili: moja lina umri wa miaka laki na zaidi, jingine lilitoka baharini wiki ileile. Gede ilitangazwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, na Julai 2024 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Tumeshangilia, na tulistahili kushangilia. Ila ukisoma maandishi ya wageni na hata yetu sisi, yote ni juu ya mji, ikulu, visima, vigae vya Uchina. Mwamba uliotoa mji huo wote hupewa nusu sentensi.

Na hapo ndipo nataka kufika leo. Ukanda huu wetu una ulinzi mwingi kwenye karatasi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali. Makaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, ni kumbukumbu za kitaifa. Gede imezungushiwa ua. Mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa Aprili 1498, una mlango na tikiti. Ukihesabu yote hayo utaona tumelinda samaki, tumelinda ndege, tumelinda miti na magofu. Jiwe lenyewe limelindwa kwa bahati tu, pale ambapo limekuwa chini ya kitu kingine tulichokipenda. Huo mnara wa Mreno ndio mfano ulio wazi. Msalaba wake ni wa jiwe lililotoka Lisbon, lakini rasi iliyoubeba ni mwamba wetu wa matumbawe, na mawimbi yanaila rasi hiyo kutoka chini kila maji yanapojaa. Mgeni hupiga picha msalaba. Rasi haina mpiga picha.

Watamu maji yakikupwa mambo ni hayohayo. Vile visiwa vidogo vya mwamba vilivyoliwa kiunoni vikabaki na vichwa vipana, ambavyo hutokea kwenye kila kadi ya posta, ni mwamba uleule wa kale unaotafunwa na bahari mpya. Bahari iliujenga, na bahari inaubomoa. Mzazi mwenye mtoto wa shule anaweza kumfundisha pale somo zima la jiografia bila kitabu, bora ajue saa za maji.

Sasa twende bara kidogo, tupande vilima. Kuna ukanda wa chokaa unaopita Rabai, Kambe, Jibana, Chonyi hadi upande wa Dzitsoni na Jaribuni. Chokaa hiyo nayo ni ya bahari, lakini si ya jana. Ina umri wa miaka milioni 165 hivi, zama za dinosaria, wakati bara kubwa la kusini lilipokuwa linapasuka. Madagaska, ambayo leo ni safari ya ndege, ilikuwa imeungana na ubavu wetu huu wa Afrika Mashariki. Ilipoanza kuachana nasi, bahari iliingia kwenye ufa, na chini ya bahari hiyo changa yakajengeka matumbawe na matabaka ya chokaa. Kwenye mawe ya tope ya bahari hiyohiyo, upande wa Rabai na kandokando ya Mombasa, hupatikana amonaiti, jamaa za mbali za ngisi na pweza, waliokuwa na gamba la kujizungusha, na ambao walitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita.

Katika chokaa hiyo ya Dzitsoni kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Nadhani ndipo mahali muhimu kuliko pote katika kaunti hii ya Kilifi, na ninasema hivyo nikijua kuna watu wa mahoteli wanaonisikiliza.

Wachimbaji wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya wakishirikiana na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba pangoni mwaka 2010. Mwaka 2013 walikutana na vipande vya mifupa visivyoeleweka. Mwaka 2017, kama mita tatu chini ya sakafu ya pango, wakafunua shimo dogo la mviringo lililochimbwa na mikono ya watu. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa imeoza kiasi kwamba kila ikiguswa iligeuka unga. Wakafanya jambo la busara: wakaacha kuchokora, wakalifunika fungu zima la udongo kwa plasta, wakalibeba lote kwenda Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Hispania. Huko likafunguliwa taratibu, chembe baada ya chembe.

Alikuwa mtoto. Umri wake ulikuwa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ya mabega ilivyobanwa ilionyesha kwamba mwili ulikuwa umefungwa ndani ya kitu, ngozi au majani, kilichooza baadaye. Namna kichwa kilivyoinama na kuanguka ilionyesha kwamba kiliwekewa kitu cha kuegemea, nacho kikaoza. Alizikwa miaka kama 78,000 iliyopita. Taarifa yake ilitoka katika jarida la Nature mwezi Mei 2021, na ndiyo maziko ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana barani Afrika. Watafiti wakampa jina la Kiswahili, wakamwita Mtoto, na dunia nzima ikalazimika kulitamka.

Nakuomba ukae na habari hii kidogo. Mtu wa kwetu anajua kumvisha maiti, kumlaza kwa ubavu wa kulia, kumtengenezea pa kuweka kichwa. Sisemi kwamba desturi zimetoka kule hadi huku. Miaka ni mingi mno, na mwenye akili hafungi uzi wa urefu huo. Nasema tu kwamba aliyemzika mtoto yule hakuwa mgeni kwetu kwa huzuni yake.

Na tazama hesabu ya miaka. Mtoto ni miaka 78,000. Mwamba wa Muyeye ni 125,000. Kwa hiyo siku anazikwa, jiwe tunalojengea leo lilikuwa tayari limekauka, limekwisha kuwa nchi, na bahari ilikuwa imerudi chini kuliko ilivyo sasa. Watu wake wangeweza kutoka pangoni, mwendo wa kilomita kumi na tano hivi, wakatembea juu ya mwamba huu kwenda kuokota makombe. Na wapo waliookota makombe kweli, kwani katika tabaka za pango zimo shanga zilizotobolewa kutoka kwa makoa ya baharini.

Swali langu ni hili. Nani alililinda pango lile miaka yote hiyo kabla hajaja mwenye darubini na brashi? Si kaunti, haikuwapo. Si serikali ya kikoloni wala ya uhuru, hazikujua kuna kitu. Lililindwa na watu wa pale, kwa sababu kwao ni mahali pa ibada na tambiko, mahali ambapo huingii ukicheka wala hutoki na kitu mkononi. Laiti lingeonwa kuwa shimo tu, lingechimbwa mbolea ya popo au kupasuliwa kokoto zamani.

Makaya nayo ni vivyo hivyo. Kaya Kambe, Kaya Jibana na Kaya Kauma ziko kwenye ukanda huo wa vilima vya kale. Zilianza kutangazwa kumbukumbu za kitaifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziweka pamoja na nyingine katika Urithi wa Dunia kwa jina la misitu mitakatifu ya makaya ya Mijikenda. Lakini amri ya kutotoa hata kijiti kikavu ndani ya kaya ni ya wazee, tena ya zamani kuliko Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa kulinda makaburi na fingo za kuilinda kaya, wazee wamelinda na mawe. Upande wa Chonyi, kwenye majabali ya chokaa kama ya Chasimba, kuna ua dogo la samawati liitwalo Saintpaulia rupicola, linaloota kwenye nyufa za mawe yenye kivuli, na makazi yake ya asili duniani ni vilima vichache tu vya kaunti hii. Jabali likipasuliwa, ua halina pa kuhamia. Na majabali ya chokaa yanapasuliwa, msikilizaji. Upande wa Jaribuni, ambako ndiko iliko Kaya Kauma, malori ya kokoto yanapita, na vumbi lao ni la bahari iliyoingia Madagaska ilipoanza kuondoka.

Marafa nitaipitia haraka, kwa kuwa mnaijua. Ni korongo la Nyari, wageni huliita Jiko la Jehanamu, lenye ngazi za mchanga mwekundu, wa waridi, wa manjano na mweupe. Mchanga ule ni wa tabaka liitwalo na wataalamu mchanga wa Magarini, ulioletwa na mito mamilioni kadhaa ya miaka iliyopita, na wekundu wake ni kutu ya chuma. Wazee wa Kigiriama husimulia juu ya tajiri aliyekuwa na ng'ombe wengi hadi jamaa zake wakawa wanaoga maziwa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Sioni ugomvi kati ya hadithi hiyo na maelezo ya mmomonyoko. Zote mbili zinasema ardhi ilidondoka kwa sababu fulani, na kila masika inaendelea kudondoka. Vijana wa pale ndio wanaoongoza wageni, na wanajua kila ukingo uliomegeka mwaka huu.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki lipite, nalo liko baharini, ndani ya hifadhi ya Malindi. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na huacha mistari ndani yake kama mti. Wanasayansi wakatoboa matumbawe ya Malindi kwa keekee nyembamba, wakatoa vijiti vya jiwe, wakavisoma. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000 ulisoma miaka 194 ya joto la bahari yetu, kuanzia 1801 hadi 1994, ukaonyesha kuwa bahari hapa husikia mabadiliko ya bahari ya Pasifiki iliyo upande wa pili wa dunia. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2007, ulirudi nyuma kama miaka 300 na kutafuta dalili za udongo wa mto Sabaki ndani ya tumbawe. Kwa karne mbili kulikuwa shwari. Mwanzoni mwa karne ya 20 dalili za udongo zikaanza kupanda, zikapanda zaidi kadiri mashamba ya walowezi, kilimo cha milimani na ufugaji wa kubanana vilivyoenea huko juu mto unakotoka.

Mtu alifyeka kilima karibu na Machakos, na tumbawe la Malindi likaandika. Ndiyo maana mvua kubwa zikinyesha bara, maji yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ndiyo maana ufuo wa mji umesogea mbele, gati la zamani likabaki mchangani sehemu kubwa. Udongo huohuo una upande wake mzuri: ule mchanga unaometameta Mambrui ni vipande vya ulanga vilivyosafirishwa na mto. Lakini kwa tumbawe, tope ni kifuniko cha jeneza. Mwaka 1998, joto la El Nino lilipoyababua matumbawe ya pwani yote, sehemu kubwa ya matumbawe hai ya Malindi ilikufa, na yale yaliyozoea kupambana na tope yalipambana na mawili kwa wakati mmoja. Ua la hifadhi halizuii joto wala mto.

Na mwaka 2001, nje ya Malindi, meli ya kuvua kwa nyavu za kukokota ilimtoa majini silakanti, samaki ambaye hadi 1938, alipotambuliwa Afrika Kusini, sayansi ilimjua kwa visukuku peke yake na kudhani alikwisha pamoja na dinosaria. Makavazi ya Malindi humwonyesha. Mpeleke mtoto wako akamwone.

Sasa nije kwenye timbo, kwa sababu najua kuna mtu ameanza kuuliza: kwani unataka tusichimbe mawe? Sitaki hivyo. Malindi imejengwa kwa timbo, na wapo watoto waliosomeshwa kwa jasho la timbo. Nilizungumza na mzee mmoja mkata mawe, akiwa amekaa kivulini, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Ukikutana na kombe kubwa ndani ya jiwe, hufanya nini?"

"Marahaba mwanangu," akanijibu. "Nalivunja. Jiwe lenye kombe haliji sawa, mnunuzi hulikataa. Humkumbuki mnunuzi wewe?"

Nilikosa la kumwambia. Yeye ameona visukuku vingi kuliko profesa yeyote, na hakuna hata siku moja ambayo kuona huko kumemletea kitu isipokuwa hasara ya jiwe moja. Kumlaumu ni uonevu.

Wa kulaumiwa, kama lazima awepo, ni sisi tulio na sheria tusiyoitumia. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 haikusahau mawe. Inapoeleza urithi wa asili, inataja wazi maumbile ya miamba yenye umuhimu wa pekee, yaliyo adimu au yenye uzuri. Inamtaka yeyote atakayekutana na kitu cha kale, pamoja na visukuku, aarifu makavazi katika muda wa siku saba. Inakataza kuchimba vitu hivyo bila leseni na kuvitoa nchini bila kibali. Imeandikwa vizuri, imelala tu. Ni mara ngapi umesikia ikisomwa barazani na chifu? Ni mkata mawe yupi aliyewahi kuelezwa?

Tukiendelea kulala, mfano wa mwisho wake uko hapo jirani. Tendaguru, mkoa wa Lindi, Tanzania, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwa nguvu za mamia ya wapagazi walioibeba kichwani hadi pwani. Mmoja wa wanyama hao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama hadi leo ukumbini Berlin. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona anahitaji viza. Kwa upande mwingine, Tanzania hiyohiyo imepata kutambuliwa na UNESCO kwa hifadhi ya jiolojia ya Ngorongoro Lengai mwaka 2018, eneo ambalo volkano, nyayo za Laetoli, wafugaji na wageni vimewekwa katika hesabu moja. Pwani yetu hii, kuanzia Marafa hadi Rabai, ina bahari mbili za kale, korongo, pango la Mtoto na mwamba hai ulio na kumbukumbu za miaka 300, vyote katika mwendo wa gari usiozidi siku moja. Hakuna aliyeviunganisha hata kwa ramani ya kurasa mbili ya kuwapa walimu.

Ninachoomba kaunti ni kidogo, na hakihitaji mfadhili. Timbo likimalizika, kabla halijageuzwa jaa la taka au dimbwi la mbu, uachwe ukuta mmoja. Mita kumi tu za ukuta mzuri, uliokatwa wima, wenye matumbawe na makombe yanayoonekana, usafishwe, uwekwe kibao cha Kiswahili na uzio mwepesi. Bamburi, Mombasa, machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji yaliyokuwa jangwa yalianza kupandwa miti na René Haller mwaka 1971, na leo ni bustani inayolipiwa kiingilio. Huo ulikuwa mradi mkubwa wa mtu mwenye kiwanda nyuma yake. Huu wa kwetu ni wa kuacha tu: kuacha ukuta usikatwe. Uwepo mmoja Malindi, mmoja Watamu, mmoja Kilifi. Kule Dzitsoni, kabla ya kibali chochote kipya cha kuchimba karibu na vilima vyenye mapango, wazee wa pale na watu wa makavazi waketi meza moja na mwenye mashine, na waketi kabla mashine haijafika.

Nanyi walimu wa Muyeye, msisubiri kaunti. Kuta zisizo na plasta mnazo. Somo la dakika arobaini linatosha, na kioo kimoja cha kukuzia kinatosha darasa zima wakipokezana.

Na wewe uliye timboni, au unayechimba kisima, choo au msingi wa nyumba: ukikutana na mfupa, meno, gamba kubwa kupita kawaida, au jiwe lililochongwa na mkono wa mtu, usilivunje na usimuuzie mtu wa kupita njia. Liache palepale lilipo, lipige picha kwa simu pamoja na mahali penyewe, kisha wapigie au uwafikie watu wa makavazi pale kwenye Nyumba ya Nguzo, ufuoni Malindi. Siku saba, ndivyo sheria inavyosema. Kuarifu ni bure.